Roli za mdalasini zimekataa? Anza kuangalia joto la jikoni kwako

Wenzangu mnaooka roli za mdalasini huku Lamu, malalamiko ni mengi lakini ukiyafuata moja moja mpaka mwisho, mengi yanarudi pahali pamoja, joto. Ile resipe uliyoipata kwenye simu imeandikwa na mtu ambae jikoni kwake ni digrii 20 ama 22, akisema acha unga uumuke saa moja na nusu anasema kweli kwa kwao, sasa wewe uko Langoni, kaskazi imekaza, jikoni ni digrii 31 na jiko lishawashwa, ukingoja hio saa moja na nusu unga ushapita zamani. Hamira kila joto likiongezeka kama digrii 8 mpaka 10 inafanya kazi karibu mara mbili. Kwa hivo saa ya kwenye resipe iweke kando kabisa, angalia unga.

Nitataja vipimo kwanza ili tuwe tunazungumza kitu kimoja. Unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 250, yai 1, sukari gramu 70, siagi gramu 75, chumvi gramu 8, hamira ya instanti gramu 5 (resipe nyingi zinasema 7, kwa joto letu 5 inatosha na mwezi wa pili hata 4). Ya ndani, siagi gramu 80, sukari gramu 150, mdalasini vijiko 2 vya mezani, konfulawa kijiko 1 cha mezani. Zinatoka roli 12 kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33. Na tafadhali nunua mizani, hata ile ndogo ya jikoni, kikombe kimoja cha unga mtu mmoja anachota gramu 120 mwengine anashindilia anapata 160, alafu wote wanashangaa kwa nini roli hazifanani.

UNGA HAUFURI KABISA

Sababu ya kwanza hamira imekufa. Huku vitu vinatoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe alafu vinavuka kwa mashua, vinakaa jua, vinakaa stoo ya bati, na pakiti ikifunguliwa tu unyevu wa bahari unaingia. Ijaribu kabla, kijiko cha hamira, kijiko kidogo cha sukari, nusu kikombe cha maji vuguvugu, baada ya dakika 10 iwe imetoa povu zito juu. Ikibaki maji ya rangi ya matope mwaga, usimwage na unga wa watu. Iliobaki tia kwenye chupa inayofunga sawasawa uweke friza, inakaa miezi.

Sababu ya pili umeiua mwenyewe kwa maziwa ya moto. Hamira inakufa ikifika kama digrii 55 mpaka 60, na maziwa yaliotoka kuchemka yako juu ya hapo sana. Ukitia kidole ukahisi moto, ngoja.

Sababu ya tatu haisemwi sana, mdalasini kuutia ndani ya unga wenyewe. Watu wanapenda unga uwe na rangi na harufu, lakini ile kemikali inayoupa mdalasini ladha yake ndio hio hio inaizuia hamira. Mdalasini uende kwenye ujazo ndani, kwenye unga tia iliki. Na msidhani iliki ni mambo yetu ya mahamri tu, Waswidi ambao mikate hii kwao ni jambo kubwa mpaka wana siku yake, tarehe 4 Oktoba, tangu 1999, nao unga wao wanautia iliki. Kijiko kimoja cha chai cha iliki iliotwangwa sasa hivi, sio ya pakiti, utaniambia.

Alafu kuna sukari. Unga ukiwa na sukari nyingi sana inavuta maji, hamira inabaki na kiu, inafanya kazi polepole. Ukipenda tamu ongeza kwenye ujazo ama kwenye aisingi, ule unga wenyewe uwache na gramu 70 zake. Na ukitumia maji ya kisima badala ya maziwa, yaonje kwanza, visima vingine huku maji yana chumvi, ukiongeza na chumvi ya resipe imezidi.

UMEFURA HARAKA ALAFU UMENYWEA, ROLI ZIMELALA NA ZINANUKA KAMA POMBE

Hili ndilo tatizo la pwani lenyewe, nitakaa hapa kidogo.

Unga ukizidi kuumuka ile gesi inakuwa nyingi kuliko nguvu ya unga kuishika, kuta zinachanika ndani, ukitia kwenye oveni badala ya kupanda unakaa chini. Dalili ni mikunjo juu, matobo makubwa ndani, uchachu puani, na rangi haishiki vizuri kwa sababu hamira imekula sukari. Mtu aliezoea mahamri ndie anaingia hapa haraka, manake unga wa mahamri ni mgumu na una ustahamilivu, unaukanda usiku ukalala mpaka alfajiri ukaamka ukachoma na mbaazi na hakuna kilichoharibika. Unga wa roli ni laini, una yai na siagi na maziwa, haustahamili hivo.

La kufanya ni kuanza na vitu baridi. Maziwa yatoke friji moja kwa moja, na yai pia. Resipe inasema vuguvugu kwa sababu mwandishi anapambana na baridi, wewe unapambana na joto, tena mikono yako na kukanda dakika 10 vinaongeza digrii kadhaa peke yake. Unga ukimaliza kukanda uwe kama digrii 24 mpaka 26, yaani ukiugusa ni wa baridi kidogo kwenye kiganja. Kama hamira yako ni ile ya punje kubwa ya kuloweka, chukua vijiko vichache vya maziwa vuguvugu uiloweke humo, maziwa mengine yote yabaki baridi.

Alafu jaribu kwa kidole. Paka kidole unga, bonyeza nusu inchi. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole likaacha alama, tayari, endelea sasa hivi, sio baada ya kumaliza kipindi kwenye TV. Lisiporudi kabisa limepita. Kwa jikoni ya digrii 31 kuumuka mara ya kwanza huwa ni dakika 40 hivi na mara ya pili, ukishazikata, dakika 20 mpaka 30, lakini nimesema, kidole ndio kinachokata shauri.

Ukipita mara ya kwanza hujaharibu kitu, ubonyeze utoe gesi, sukuma, jaza, kunja, ila mara ya pili usimame hapo hapo. Ukipita mara ya pili hakuna cha kurudisha, tia oveni mara moja na uzile zikiwa moto, ladha itakuwa nzuri ila sura hapana.

Njia ninayoipenda mimi ni friji. Kanda baada ya Isha, acha nje dakika 15 tu, funika vizuri, tia friji mpaka asubuhi, kwa muda wa saa 8 mpaka 12 kwenye digrii 4. Ladha inakuwa na kina zaidi, siagi inabaki ngumu, kusukuma ni raha. Stima ikipotea usiku usifungue mlango wa friji, na ikirudi uangalie unga kabla hujalala tena, kama ushajaa bakuli ubonyeze chini uurudishe. Wakati wa Ramadhani hii ndio inaokoa watu, unga unaukanda ukimaliza daku, Alasiri unasukuma, futari ikifika roli ziko moto.

UNGA UNANATA, UNANG'ANG'ANIA MIKONO

Usiongeze unga. Nasema tena usiongeze unga, kwanza. Unga wa roli mwanzoni lazima unate, ukikanda dakika 8 mpaka 12 unajikusanya wenyewe, gluteni, ile nguvu ya kuvutika ndani ya unga, ikishajengeka unaacha kunata. Ukichoka acha dakika 10 umefunika, urudi, utaukuta umelainika. Paka mikono mafuta, sio unga. Kipimo cha kumaliza, vuta kipande kidogo kwa vidole mpaka kiwe chembamba upite mwanga bila kuchanika. Kikichanika haraka, bado kukanda.

Ukishafanya yote hayo na bado ni uji, ongeza kijiko kimoja kimoja cha mezani, usizidi vitatu. Siku za masika unga wa dukani unakuwa ushanyonya unyevu kwenye gunia kabla hujaununua, kwa hivo maziwa punguza mililita 20 hivi mwanzoni kuliko kuja kuongeza unga mwisho. Na angalia pakiti, kama ni ule unga wa keki uliotiwa bekingi pauda tayari, hapo hautafika mbali, hauna nguvu ya kushika hamira. Pakiti ikiandika protini, tafuta gramu 11 na zaidi kwa kila 100.

SIAGI INATOKA, SUKARI IMEMWAGIKA CHINI IMEUNGUA

Siagi inaanza kuyeyuka kwenye digrii 32 hivi, na jikoni kwetu saa nane mchana ni hapo hapo. Kwa hivo ukisikia resipe inasema itoe siagi nje ya friji saa nzima ilainike, kwetu ni dakika 10. Tunataka ya kupakika, sio ya kumiminika. Siagi iliyoyeyuka ukiipaka inaingia kwenye unga nusu, nusu inakimbia pembeni na sukari yote inaifuata, ndio unakuta chini ya trei kuna lami nyeusi na ndani ya roli hamna kitu.

Fanya hivi, changanya siagi, sukari, mdalasini na ile konfulawa pamoja iwe kama masala mazito, alafu ndio upake. Konfulawa inashika ule mchuzi sukari ikiyeyuka. Acha sentimita 2 ukingo wa mwisho bila kitu, upake maji kidogo, ukifika hapo ubane uzibe. Ukishakunja, tia gogo zima friji dakika 20 ndio ukate. Kata kwa uzi, upitishe chini, vuka juu, vuta, kisu kinabonyeza roli zinakuwa mayai.

Majarini ya kopo angalia, zile laini za kupaka mkate nyingi zina maji mengi na mafuta kidogo, zinavuja tu. Samli inafaa na harufu yake na mdalasini ni nzuri mno, ila samli ni mafuta matupu wakati siagi ina maji kama asilimia 16, kwa hivo mahali pa siagi gramu 80 tia samli 65 inatosha. Wanaotumia tui badala ya maziwa, tumia tui la pili, lile jepesi, na siagi ya kwenye unga ipungue mpaka gramu 50, tui la kwanza mafuta yake yanafanya unga uwe mzito haupandi.

Na sukari. Ile yetu ya kawaida ya rangi ya hudhurungi punje zake ni kubwa, haziyeyuki vizuri na zinakwaruza unga wakati wa kukunja mpaka unatoboka. Isage kidogo kwenye blenda, sio iwe unga, iwe ndogo tu. Ukiwa na sukari guru nzuri ikune utumie nusu kwa nusu, inaleta ladha ambayo sukari ya pakiti haiwezi.

KATIKATI PAMETOKA JUU KAMA MNARA, AMA NDANI KUNA MAPENGO

Mnara ni umekunja kwa nguvu sana, unga ukifura hauna pa kwenda ila juu. Kunja kwa mkono mwepesi, usivute. Ule mkia wa mwisho uingize chini ya roli. Mapengo ni kinyume chake, umekunja umelegeza, ama ujazo umezidi, ama umeacha unga mkavu mwingi juu ya kibao ukaingia kwenye mikunjo na tabaka zikakataa kushikana. Upangusie.

CHINI IMEUNGUA, JUU NYEUPE, KATI MBICHI

Oveni nyingi za gesi tunazouziwa moto wake uko chini tu, na ile namba kwenye kitufe usiiamini, nunua kithamomita kidogo cha kuning'iniza ndani, ni pesa kidogo na kinamaliza ugomvi. Tunataka digrii 175 mpaka 180, oveni ipate moto dakika 20 nzima kabla, rafu ya katikati ama moja juu yake. Chini weka trei mbili moja ndani ya nyengine. Juu ikishika rangi mapema, kama dakika ya 15, funika na foili uendelee, jumla dakika 24 mpaka 28. Ya kuangalia ni ile roli ya katikati kabisa, za pembeni siku zote zinawahi. Ukiwa na thamomita ya kuchoma, ndani isome digrii 88 mpaka 93. Ukiwa huna, vuta kidogo tabaka za ile ya kati kwa uma, ukiona unga unang'aa na kuvutika, bado, rudisha.

Wa kupalia makaa msijione mmeachwa. Anaejua kupalia mkate wa mayai ashamaliza shule ya roli, tofauti ni mbili tatu tu. Sufuria kubwa nzito, chini mchanga mkavu ama mawe madogo, trei juu yake isiguse chini, ipate moto kwanza dakika 15. Makaa juu ya mfuniko yawe mengi kuliko ya chini, karibu mara mbili, na ya chini yawe yale yaliokwisha kuvaa jivu. Shida kubwa ni upepo, ukioka darini wakati wa kusi upande unaopigwa na upepo makaa yanawaka sana, kwa hivo kinga na bati na zungusha sufuria nusu mzunguko ikifika dakika ya 12. Usifungue kabla ya hapo. Harufu ya mdalasini ikishafika ngazini kwa jirani, ndio ufungue uangalie.

ZIMETOKA KAVU

Unga ulizidi ama dakika zilizidi, hakuna siri. Ukitaka ziwe laini zaidi kuna njia inayotumika sana Japani na China, chukua gramu 20 za ule ule unga na mililita 100 za yale yale maziwa, pika motoni ukikoroga mpaka iwe uji mzito, ipoe kabisa, alafu ukande nayo. Unga uliopikwa unashika maji mengi zaidi, roli zinabaki laini siku ya pili. Kwa pwani ambako feni inakausha kila kitu mezani, mimi naona inafaa kila mara. Ipoe kweli lakini, uji wa moto ndani ya unga na tumerudi kwenye hamira iliyokufa.

Na unga ukiwa unaumuka funika, sio kwa kitambaa kikavu, upepo wa madirishani unaukausha ngozi juu. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa ama mfuniko.

MDALASINI HAUSIKIKI

Mdalasini wa unga uliokaa kwenye pakiti ya plastiki dukani mwaka hauna kitu. Nunua vijiti, kausha juani kidogo, twanga, chekecha. Dukani utakuta aina mbili. Ule mgumu mnene, gome moja lililojikunja, ndio ule wa kasia, mkali, una ukali wa kuuma ulimi kidogo, na ndio uliojaa sokoni. Ule mwembamba wenye tabaka nyingi nyingi ndani unaovunjika kwa vidole ndio mdalasini wa Sri Lanka, wenye harufu nzuri ya upole, ni ghali. Kwa roli kasia ndio inasikika baada ya kuokwa, ule mwengine uhifadhi kwa chai na vitu vya maziwa. Ukitumia wa Sri Lanka ongeza kijiko. Chumvi kidogo sana kwenye ujazo inainua ladha, ncha ya kijiko tu.

AISINGI IMETIRIRIKA

Roli zikiwa moto aisingi inayeyuka, na hata zikipoa inavuta maji kwenye hewa yetu yenye unyevu. Paka mara mbili, kidogo baada ya dakika 10 iingie ndani, iliobaki baada ya kupoa kabisa. Tia maziwa kwa kijiko kidogo kimoja kimoja, gramu 150 za aisingi shuga zinataka vijiko viwili tu vikubwa. Krimu chizi kama umeipata, kaushe maji yake kwanza kwa kitambaa safi, na ipigwe ikiwa baridi. Usipoipata, siagi, aisingi shuga, vijiko viwili vya maziwa ya unga na matone ya ndimu vinatoa kitu chenye uchachu mzuri. Na kama una oda ya kupeleka Shela kwa mashua, aisingi iende kwenye kopo lake mbali, ikapakwe huko huko, jua la dakika kumi na tano juu ya maji linatosha kukuharibia kazi ya siku nzima.

ZA JANA ZIMEKUWA NGUMU

Usizitie friji. Baridi ya friji ndio inayoufanya mkate ugande haraka kuliko ukikaa nje. Zisizopakwa aisingi zifunge zikae mezani siku moja, mbili mwisho, manake kwa unyevu huu siku ya tatu ukungu ushaanza. Zaidi ya hapo tia friza siku ile ile zikishapoa, kila moja imefungwa peke yake. Za krimu chizi lazima zikae baridi, kwa hivo paka zile tu zitakazoliwa leo. Kupasha, weka kwenye sufuria yenye mfuniko moto mdogo kabisa, nyunyiza kijiko cha maziwa pembeni sio juu, dakika 4 ama 5, funika, uzile hapo hapo kabla hazijapoa tena.